Darasa la WhatsApp la usaili wa Afisa Ustawi wa Jamii: nimelipa, nimeuliza swali moja, nikatolewa

Kama umeitwa usaili wa Afisa Ustawi wa Jamii na umeanza kuzunguka huko WhatsApp na Telegram kutafuta madarasa ya kulipia, soma hii kwanza kabla hujaenda kwa wakala. Jina la darasa sitalitaja, sitaki kesi na mtu, ila aliyepita kwao atawajua kwa tabia zao.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka jana hivi, majina yametoka Ajira Portal, ule mfumo wa mtandaoni wa Sekretarieti ya Ajira Utumishi, na langu limo. Waliosoma ustawi wanaijua presha yake. Mtaani tuko wengi, wa Chuo cha Ustawi Kijitonyama, wa Dodoma, wa vyuo vya kanda, nafasi chache, na tangazo likitoka tu jioni hiyohiyo magrupu yanaanza kuzaliwa. Hawa walikuja na bango limeandikwa maswali na majibu ya usaili, kuanzia mchujo mpaka mahojiano. Elfu ishirini kuingia grupu, elfu kumi juu ukitaka mazoezi ya mahojiano kwa simu. Kwa mtu ambaye hana kazi hiyo hela inauma, na hapo hujagusa nauli, maana tangazo la kuitwa lenyewe linasema kila msailiwa atajigharamia usafiri, chakula na malazi. Mimi hela yangu nilipewa na mama mdogo, na yeye anauza mchele wa kupima.

Nikalipa, nikaingia, wakatuma PDF. Ukurasa wa kwanza tu naona wizara imeandikwa Wizara ya Afya, Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto. Jamani. Wizara hiyo iligawanywa Januari 2022, sasa hivi ustawi uko Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, na maafisa wenyewe walioko halmashauri wapo chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Ukimjibu msaili kwa jina la wizara ambalo halipo unategemea nini? Nikashuka chini, MTAKUWWA, yaani mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, wameielezea ile ya 2017/18 hadi 2021/22 kama ndo mpango unaotumika leo, wakati awamu ya pili ya 2024/25 mpaka 2028/29 imeshaanza. Nikasema sawa, notsi za zamani, binadamu wana mambo mengi, nitarekebisha mwenyewe kwa kalamu.

Kilichonifanya niandike haya yote kipo sehemu ya visa.

Kisa kinasema hivi: mtoto wa miaka 9, mwalimu wake wa darasa kaona alama za kuungua mgongoni, mtoto anasema ni baba wa kambo. Mwalimu kamleta ofisini kwako. Wewe Afisa Ustawi utafanya nini? Jibu lao, nimelisoma mara nyingi mpaka nalijua kwa kichwa, ni kwamba afisa amwite mama na baba wa kambo, awakalishe pamoja na mtoto, mtoto aeleze mbele yao kilichotokea, kisha afisa awapatanishe na familia irudi nyumbani kwa amani.

Irudi nyumbani. Na mtoto!

Yaani unamkalisha mtoto wa miaka 9 mbele ya mtu aliyemchoma moto umwambie haya eleza. Halafu jioni unawafungia mlango mmoja walale. Mimi fildi, yale mafunzo kwa vitendo ya chuo, nilifanya halmashauri moja hivi, sitasema ipi, na mama aliyekuwa ananisimamia pale alinifundisha kwamba swali la kwanza kabla hujashika hata fomu ni huyu mtoto leo usiku analala wapi. Hayo mengine yote yanafuata baada ya hapo.

Nikaandika kwenye grupu, na meseji yangu bado ninayo, niliandika kwa adabu kabisa: "Samahani mwalimu, naomba kuuliza kuhusu kisa cha mtoto mwenye majeraha, je si salama zaidi kuanza na hospitali na Dawati la Jinsia na Watoto kabla ya kukutanisha familia? Naona kama maslahi bora ya mtoto yanaathirika." Dawati hilo ni lile la polisi. Ni hayo tu niliyoandika.

Admini akajibu kwa voisi. Mbele ya watu wote grupuni. "Dada, wewe umekuja kufundishwa au umekuja kufundisha? Sheria inamruhusu afisa kumwita mzazi, kasome. Watu wa aina yako ndo mnafeli kila mwaka mnabaki kulaumu Utumishi."

Kila mwaka mnafeli. Anamwambia mtu asiyemjua.

Nikamjibu, bado kwa adabu. Nikamwambia ni kweli kaka, Sheria ya Mtoto Namba 21 ya 2009 kifungu cha 95 kinampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa akiona haki za mtoto zinavunjwa, na afisa akishapokea taarifa anaweza kumwita anayelalamikiwa wakazungumza, hilo silikatai. Ila hata hapo uamuzi unatakiwa uangalie maslahi ya mtoto, na kifungu cha 4 kimeshasema hayo maslahi ndo yanatangulia. Baba anayekataa kununua daftari unaweza kumwita ukaongea naye yakaisha. Huyu kachoma mtoto, hili ni kosa la jinai, hatuendi kupatanisha jinai ofisini. Nilikuwa naandika mstari wa mwisho nikaona maneno kwamba nimeondolewa kwenye grupu na siwezi tena kutuma meseji. Nikampigia, akakata. Nikapiga tena, namba haipatikani, kaniblok.

Nililia. Siyo kwa sababu ya elfu ishirini.

Mle ndani kulikuwa na mamia ya watu, wengi wadogo zangu waliomaliza juzijuzi, fildi walifanya za kusaini tu, hawajawahi kukaa na mtoto anayetetemeka kwenye kiti cha ofisi. Wao lile jibu walilinakili. Wengine wamelikariri. Sasa sema mmoja wao kafaulu, kapangiwa wilaya fulani, wiki ya kwanza kaletewa mtoto mwenye alama mgongoni, atafanya nini? Atafanya alichokariri. Mimi hapo ndo nashindwa kuwasamehe hawa watu.

Na kwa kuwa wao wamenizuia kusema kule, nasema hapa bure. Kisa cha namna hiyo ukipewa, anza na usalama. Mtoto umsikilize mahali patulivu akiwa na mtu anayemwamini, anaweza kuwa yule mwalimu aliyemleta, usimhoji mara kumi kumi kila anayeingia ofisini. Apelekwe hospitali, ile fomu ya polisi ya matibabu ya PF3, Dawati la polisi. Usiku ule usimrudishe kwa mtuhumiwa, tafuta ndugu wa karibu, bibi, shangazi, na kama ndugu hayupo au naye si salama kuna familia za kuaminika, na makao ya watoto yawe mwisho kabisa. Mama yake naye umwone peke yake, maana mara nyingi na yeye anapigwa. Ndo uje kwenye mlolongo tuliousoma wa usimamizi wa mashauri, kusajili shauri, tathmini, mpango wa huduma na nani anafanya nini lini, rufaa, ufuatiliaji, kufunga shauri. Faili linatunzwa kwa siri, habari za mtoto haziendi grupu la maafisa WhatsApp. Na namba 116 itaje, ni simu ya bure ya watoto na watu wanaisahau.

Sasa nitasema kitu ambacho kinanichanganya mpaka leo na sipendi kukisema. Ile ya elfu kumi, mazoezi ya kwa simu, ilikuwa nzuri. Nzuri sana. Niliifanya kabla sijatolewa, na aliyekuwa anatuhoji hakuwa admini, alikuwa dada mmoja ambaye amefanya kazi halmashauri miaka, unamsikia tu anavyoongea. Alinipiga maswali bila huruma. Binti wa miaka 15 yuko shule, wazazi wameshapokea mahari, wanakuonyesha Sheria ya Ndoa ya 1971 inayoruhusu binti wa 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, utawajibu nini? Mimi nikaanza kuzungukazunguka na haki za mtoto, akanikatisha, "mdogo wangu, jopo halitaki hotuba, shika sheria." Akanipanga: Mahakama Kuu 2016 kwenye kesi ya Rebeca Gyumi ilisema vifungu vile vinapingana na Katiba, Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2019, na Sheria ya Elimu baada ya marekebisho ya 2016 anayemuoa mwanafunzi ni miaka 30 jela. Halafu akaniambia ukishamaliza sheria rudi kwa binti mwenyewe, anarudije shule, nani anamlinda nyumbani baada ya wewe kuondoka na gari la halmashauri. Simu ile ilinipa kuliko PDF yao nzima. Hata vyeti alinikumbusha, kwamba hati ya matokeo ya kidato cha nne na provisho ya chuo, yale matokeo ya muda, hawapokei, uwe na vyeti halisi, na kama majina yanatofautiana uwe na kiapo cha kubadili jina mapema. Na namba ya usaili uinakili kabisa kutoka kwenye akaunti yako ya Ajira Portal, kule mlangoni hawakutajii.

Kwa hiyo nikawa nasema labda niwape nyota tatu, kwamba mazoezi lipia ila grupu achana nalo. Nilishaandika hivyo kabisa. Nimefuta. Maana yule dada naye niliambiwa na mwenzangu aliyebaki grupuni kwamba aliondoka, alilalamika kuhusu kisa hichohicho cha mtoto, wakamjibu notsi zimeshauzwa haziwezi kubadilishwa. Zimeshauzwa. Ina maana walijua! Walielezwa na mtu wa kazi, siyo mimi peke yangu wa mtaani, na bado wanaituma PDF ileile kwa wanaoingia.

Mchujo nilivuka. Niliyoulizwa kwenye mahojiano sitayasema, hayo ni ya jopo, ila nitasema kila nilichojibu kilitoka kwa yule mama wa fildi, kwa yule dada wa simu, na kwenye Sheria ya Mtoto yenyewe ambayo inapatikana mtandaoni bure na kila mtu anaweza kuishusha. Hakuna hata sentensi moja ya lile PDF iliyonisaidia.

Na hapo nikadhani nimemalizana nao. Wiki chache baadaye mwenzangu ananitumia skrinishoti, wametoa bango jipya la usaili unaokuja, limeandikwa wanafunzi wetu waliovuka mchujo, na chini orodha ya namba za usaili. Ya kwangu ni ya tatu. Ile namba niliwaandikia wenyewe kwenye fomu yao ya kujisajili. Mtu uliyemtukana, ukamtoa, ukamblok, leo unamtumia kuvutia wateja wapya ili nao uwauzie lile jibu.

Nimewatumia meseji kwa namba nyingine. Nimewaambia waifute namba yangu kwenye bango na wakitoe kile kisa kwenye notsi au waandike jibu sahihi, hela wabaki nayo. Imetiki bluu, kimya. Basi hata hiyo ya hela nimebadili mawazo. Waifute namba, wabadilishe jibu, na elfu ishirini ya mama mdogo wairudishe kwenye simu ileile niliyolipia. Ile elfu kumi ni ya yule dada, hiyo siidai.