RAM za 4GB za bei chee, HP zangu zimezigomea

Nimenunua RAM 6 za DDR3 za 4GB kwenye duka moja hapa Mwanza, 22,000 kila moja wakati kwingine walinitajia 35,000, nikaona leo nimepata. Ni za mashine za steshenari yangu, HP Compaq 8000 Elite, zina 2GB tu na ukifungua tabo tatu za Chrome mteja anakaa anasubiri mpaka anachoka.

Ijumaa usiku nikachomeka ya kwanza, feni inazunguka, skrini nyeusi, taa ya pawa inawaka nyekundu mara 5 na bip 5, inatulia, inaanza tena. Kwa hizi HP hiyo ni shida ya RAM. Nikasugua meno yake kwa ufutio, nikahamisha sloti, nikajaribu moja moja, wapi, zote 6 vilevile. Jumamosi asubuhi nikampelekea fundi mmoja mwenye mashine ya prosesa ya AMD (soketi ya AM3), sio Intel kama zangu, ikawaka palepale na 4GB yote ikasoma! Ndo akanielewesha kwamba RAM hizi zimeundwa kwa chipu za x4, yaani kila chipu inapitisha biti 4 kwa mara moja, na chipseti (chipu ya kwenye bodi inayounganisha prosesa na RAM) ya HP zangu ni Intel Q45, yenyewe inapokea x8 na x16 tu, kwa hiyo RAM ni nzima kabisa ila hapa haiwezi kufanya kazi. Na muuzaji nilimtajia kabisa kuwa mashine ni HP za Core 2 Duo, akanijibu DDR3 ni DDR3 tu bosi. Sio kweli jamani, na imeniuma, maana huu ni msimu wa maombi ya mkopo wa HESLB na Jumamosi yote nimehangaika na RAM huku wanafunzi wanaona mashine zimefunuliwa wanaenda kwa jirani.

Mwenye mashine ya chipseti ya Q45 au mwenzake G41 atafute RAM yenye stika iliyoandikwa 2Rx8, yaani safu mbili za chipu za x8, jumla chipu 16, 8 kila upande. Zile za 4GB zenye chipu 8 tu nazo zinagoma, na kuhesabu peke yake hakutoshi kwa sababu hizi za x4 zinazokubali kwenye AMD nazo zina 16, soma stika.

Jumatatu wamenibadilishia baada ya kubishana sana, nikaongeza 13,000 kwa kila moja, sasa zote zinawaka na zinaenda vizuri. Nyota 2 kati ya 5, hizo 2 ni za kukubali kubadilisha. Siku wakianza kumuuliza mtu ana mashine gani kabla hawajapokea hela, nitarudi.