Miezi mitano ya mwisho ya waya za meno: uzoefu wangu

Mwezi wa kumi na tisa tangu nifungwe waya, nilijitazama kwenye kioo cha bafuni nikaona nimeshamaliza. Meno ya mbele yamekaa mstari, mwanya umefungika. Nikaenda kliniki, hapa hapa Dar, nimejiandaa kufunguliwa.

Daktari akaniwekea katikati ya meno karatasi ya bluu, nyembamba mithili ya kaboni. "Uma. Saga kidogo." Kisha akanishikia kioo. Upande wa kulia karibu kila gego lilikuwa na doa la bluu, alama ya pale meno ya juu na ya chini yanapokutana. Kushoto doa lilikuwa kwenye jino moja tu, yaani hilo moja ndilo lililokuwa likibeba kazi ya upande mzima.

Akaniagizia picha ya mionzi ya taya zote. Hiyo ndiyo iliyoninyamazisha. Kale kajino kaliko kati ya jino la mbele na chonge, ambako kwenye kioo nilikaona kamenyooka, mzizi wake ulikuwa umelalia mzizi wa chonge.

"Dokta, mbona kwa nje yamekaa sawa?"

"Mdogo wangu, ng'ombe mzima umemla, usishindwe na mkia."

Ikawa miezi mitano mingine. Alibandua kibati cha jino lile, yaani kile kipande kidogo kinachogandishwa kwenye jino kushika waya, akakigandisha upya, kimeinama kidogo sana, mimi hata sikuona tofauti. Waya ya mduara ya mwanzo ilishatolewa siku nyingi. Sasa nilikuwa na waya ngumu ya pembe nne, ambayo inajaa kwenye mfereji wa kibati, na ndiyo yenye nguvu ya kuusogeza mzizi na siyo kichwa cha jino peke yake. Kila nikienda anaikunja kwa koleo, kikunjo kidogo mno, anairudisha, anatazama, anaitoa tena. Dakika arobaini kwa jino moja! Mwanzoni nilichoka, baadaye nikamheshimu sana kwa hilo. Usiku wa kwanza jino linauma hata ulimi ukiligusa, siku ya tatu limetulia.

Raba, vile vipete vidogo vya mpira vya kuvuta meno ya juu na ya chini yakutane, ndizo zilizokuwa kazi yangu. Nilizivalisha pembetatu, kutoka chonge ya juu hadi meno mawili ya chini. Unavaa usiku na mchana, unavua wakati wa kula na kupiga mswaki tu, na kila siku unaweka mpya kwa sababu ya jana imeshalegea. Mwezi wa pili nilikwenda harusini Tanga, nikaona haya kucheka na raba mdomoni, zikapita siku kumi sijavaa. Niliporudi, doa la bluu lilikuwa palepale. Mwezi ule niliupoteza mwenyewe.

Huduma naisifu, ila jambo moja liliniudhi: bei ya riteina, kifaa cha kuyashikilia meno yasirudi baada ya waya kutolewa, haikuwemo kwenye ile niliyotajiwa mwanzoni. Niliambiwa siku ya kufunguliwa, nimeshakaa kitini. Laki mbili na nusu. Huwezi kukataa, maana bila riteina meno yanarudi. Nyuzi za ufizi zinazolishika jino zinaweza kuchukua hata mwaka kuzoea pale lilipohamia, na muda wote huo zinalivuta kule lilikotoka. Ulizeni mapema, iandikwe kwenye karatasi ya malipo.

Mimi nina waya nyembamba iliyogandishwa nyuma ya meno sita ya mbele ya chini, na gamba la plastiki kwa ya juu. Gamba lioshwe kwa maji ya baridi, ya moto yanalipinda. Ile ya nyuma inanasa chakula, nyama hasa, kwa hiyo napitisha uzi kila usiku.

Kabla hajabandua kibati cha kwanza, niliomba ile karatasi ya bluu tena. Niliuma, nikasaga, akanishikia kioo. Kushoto nilihesabu madoa manne.