Mafuta ya Ubao wa Vidole wa Gitaa: Yapi Ununue Nairobi, na Yapi Uyaache Dukani

Gitaa lililotengenezwa kwa mkono likichukuliwa kutoka kwa fundi mwezi wa Februari, wakati Nairobi imekauka na vumbi limetanda, ubao wake wa vidole, yaani ule wa mbele ya shingo ambao vidole hubonyezea nyuzi juu yake, huanza kupauka baada ya wiki chache, ukawa na rangi ya kijivu kama goti la mtoto aliyetoka kuoga bila kupakwa mafuta. Mwenye gitaa huingiwa na wasiwasi, akachukua chupa iliyo karibu naye, na chupa hiyo mara nyingi ni ya jikoni. Mwongozo huu unapanga mafuta yanayopatikana mjini kwa kigezo kimoja tu: miezi sita baada ya kupakwa, je, yatakuwa bado ni mafuta, yatakuwa yamegeuka ngozi ngumu juu ya mbao, au yatakuwa yamechacha?

Kabla ya kununua chochote, hakikisha unajua ubao wako ni wa mti gani. Mafundi wetu wanaotengeneza magitaa kwa mkono hupenda mpingo, na wana sababu nzuri, kwa kuwa mti huo una mafuta yake ya asili na ni mzito kiasi kwamba kipande chake huzama majini. Mpingo halisi hauna weusi wa lami ulio sawa kote. Ukiutazama juani utaona mistari ya kahawia iliyokolea, na pengine dalili ya zambarau. Kama ubao ni mweusi tititi kila mahali, chukua kitambaa cheupe chenye tone moja la mafuta, usugue pale mwisho wa ubao karibu na tundu la sauti. Kitambaa kikitoka cheusi, huenda ulichonunua ni mbao nyepesi iliyopakwa rangi, na kila utakapoupaka mafuta utakuwa unaifuta rangi hiyo kidogo kidogo. Ubao wa rangi ya maziwa au asali uliopakwa vanishi inayong'aa hauhitaji mafuta hata kidogo, kwa sababu hayawezi kupenya. Ufute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kwa kikavu, basi.

Nafasi ya kwanza naipa likwidi parafini inayouzwa katika maduka ya dawa, yale mafuta meupe ya madini ambayo watu hunywa kwa ajili ya tumbo lililofunga. Hayana rangi wala harufu, hayachachi, na hayagandi yakawa ngozi. Chupa ya mililita 100 ni nafuu kuliko seti moja ya nyuzi, nayo itakutosha kwa miaka mingi. Ninasisitiza kwamba uyanunue kwa mfamasia na uyataje kwa jina lake kamili, kwa sababu hapa Kenya mtu akisema parafini peke yake hueleweka kuwa anataka mafuta ya taa, ambayo ni kiyeyusho chenye harufu kali na hayana kazi yoyote juu ya gitaa lako. Mafuta mengi ya maji ya kupaka watoto wachanga ni haya haya yaliyotiwa manukato. Ukikosa ya dawa, hayo yatafaa.

Ya pili ni mchanganyiko wa mafuta hayo na nta ya nyuki, na kwa ubao mpya wenye vitundu vilivyo wazi mimi binafsi huupendelea kuliko mafuta matupu. Nta nzuri hupatikana kwa wauzaji wa asali ya Kitui au ya Baringo. Chagua iliyochujwa vizuri na inayonukia asali, si moshi. Pima sehemu moja ya nta kwa sehemu nne za mafuta, viweke pamoja katika kopo safi, kisha kopo ulisimamishe ndani ya sufuria ya maji ya moto. Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 hivi, kwa hiyo hakuna haja ya kuiweka juu ya moto moja kwa moja, jambo ambalo ni la hatari. Mchanganyiko ukipoa huwa laini kama mafuta ya kujipaka, na ubao uliosuguliwa nao hupata mng'ao wa chini unaopendeza na mguso mkavu chini ya vidole.

Chupa za mafuta ya ndimu zinazouzwa katika maduka ya vyombo vya muziki nimeziweka nafasi ya tatu, si kwa ubaya, bali kwa bei. Nyingi kati yake ni mafuta ya madini yaliyotiwa harufu, na mnunuzi hulipia chupa nzuri na lebo. Ukiwa na uwezo, nunua bila hofu, ila soma viambato kwanza: palipoandikwa silikoni, rudisha chupa rafuni, kwa maana silikoni ikishaingia kwenye mbao, gundi na vanishi hukataa kushika siku gitaa litakapohitaji matengenezo. Kwa sababu hiyo hiyo usitumie dawa za kung'arisha fanicha.

Sasa nifike kwenye mafuta ya kitani, ambayo katika maduka ya vifaa vya ujenzi huitwa linsidi, na ambayo maseremala wengi watakushauri uyatumie kwa sababu yamewafaa kwenye meza na milango. Haya ni ya jamii nyingine kabisa. Hukauka kwa kuungana na hewa, yakageuka tabaka gumu ambalo haliwezi tena kufutwa kwa kitambaa. Juu ya mbao nyepesi ambayo haijawahi kupakwa kitu, mara moja tu, gitaa likiwa bado kwa fundi, yanaweza kufanya kazi nzuri. Juu ya mpingo na miti ya jamii yake mambo ni magumu, kwa kuwa utomvu wa miti hiyo huyazuia kukauka. Mimi niliyapaka mwezi wa Julai, katika ile baridi ya ukungu, nikidhani siku mbili zingetosha. Wiki nzima baadaye kidole changu kilikuwa bado kinanata, na vumbi la karakana lilikuwa limejishika juu ya ubao kama sukari kwenye mandazi. Nilitumia jioni mbili kuyaondoa kwa tapentaini na sufi laini ya chuma, freti baada ya freti, yaani vile vyuma vyembamba vinavyokatiza ubao. Zaidi ya hayo, kitambaa kilicholowa linsidi kikikunjwa na kutupwa pembeni hujipasha joto chenyewe na kinaweza kuwaka, jambo la kutisha katika kibanda cha mabati kilichojaa vumbi la mbao. Kitandaze nje hadi kikauke kabisa, au kitumbukize kwenye kopo la maji. Ndiyo maana linsidi nimeipa nafasi ya nne.

Mafuta ya jikoni hayana nafasi. Ya alizeti hugeuka gundi taratibu, ya zeituni huchacha, na ya nazi, kama ajuavyo kila mwenye chupa yake nyumbani, huganda yakawa meupe asubuhi za Julai kwa sababu huhitaji takriban nyuzijoto 24 ili yabaki maji; yataganda vivyo hivyo ndani ya vitundu vya ubao. Maji ya ndimu yenyewe, ambayo niliwahi kuona mtu akiyakamulia gitaa, ni tindikali.

Upakaji wenyewe ni wa dakika chache. Toa nyuzi zote, futa jasho na uchafu kando ya kila freti, kisha dondosha matone matano au sita kwa ubao mzima, si kwa kila freti, na uyasambaze kwa kitambaa cha pamba. Fulana kuukuu ya Gikomba inatosha kabisa. Mafuta yakizidi hupenya katika mifereji ya freti, na fundi atakayebadilisha freti hizo baadaye atapata shida gundi ishike. Mara mbili kwa mwaka zinatosha, moja ikiwa katika ukame wa Januari na Februari. Wakati huo huo pitisha kiganja kando ya shingo: ncha za freti zikikukwaruza, mbao imesinyaa kwa kukosa unyevu wa hewa, na hilo halitibiwi kwa mafuta yoyote, bali kwa kulihifadhi gitaa ndani ya sanduku lake pamoja na sifongo yenye unyevu kidogo iliyowekwa katika kisanduku chenye matundu. Baada ya kupaka, subiri dakika kumi, ufute kwa upande mkavu wa kitambaa, na usifunge nyuzi mpya hadi tishu ikipitishwa juu ya ubao itoke bila doa.