Ramani, kitabu na simu juu ya Mlima Kenya: uzoefu wangu kutoka Sirimon hadi Chogoria

Nilipanda Mlima Kenya Februari iliyopita nikiwa na vitu vitatu vya kunionyesha njia: ramani ya karatasi, kitabu cha mwongozo na simu. Ramani niliinunua, kitabu nilikipata kwa bei ya chapati mbili na ndengu, na programu ya simu ilikuwa ya bure ingawa niliilipia kwa chaji. Tulikuwa wanne, yaani mimi, wifi yangu na vijana wawili wa chama chetu cha matembezi, pamoja na kiongozi mmoja na wapagazi watatu. Tuliingilia lango la Sirimon, tukatokea Chogoria siku ya tano. Tangu turudi, wenzangu wananiuliza kipi kati ya vitu hivyo wanunue. Nitasema, lakini itabidi nianze na aibu yangu, maana mimi ni mwalimu wa jiografia na yaliyonipata hayakupaswa kumpata mwalimu wa jiografia.

Ramani ni ile ya Survey of Kenya, idara ya serikali inayochora ramani, ya skeli ya 1:50,000, inayouzwa pale ofisini kwao Ruaraka, kando ya barabara ya Thika. Sentimita mbili kwenye karatasi ni kilomita moja ardhini. Aliyefanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, anaifahamu hata kama hajui kwamba anaifahamu, kwa sababu kipande cha ramani ya aina hiyo ndicho anachopewa mtahiniwa kwenye karatasi ya kwanza ya jiografia, apime urefu wa barabara kwa uzi na aeleze sura ya nchi. Nimeifundisha miaka kumi na mmoja. Nilikuwa sijawahi kutembea ndani yake.

Jioni ya kwanza, kambi ya Old Moses, mita 3,300, tuliitandaza mezani, kila pembe ikazuiwa kwa kikombe cha chai. Hapo ndipo nilipoanza kuipenda upya. Vichwa vinne viliinama juu ya karatasi moja, na mpagazi mmoja kijana akaja kusimama nyuma yetu, kisha akanyoosha kidole: maji yako hapa, hapa pana mawe yanayoteleza, hapa watu hutapika. Wifi yangu, ambaye shuleni jiografia aliiacha mapema, aliiangalia mistari ya kontua, ile inayoonyesha kimo cha ardhi, inavyosongamana chini ya Lenana, kilele tulichokuwa tunakiendea, akauliza, "Kwa hiyo hapa ndipo nitakapolia?" Nikamwambia ndiyo, hapo hapo. Hakuwa amefundishwa chochote. Karatasi yenyewe ilimwambia.

Simu haikufanya hivyo hata siku moja. Simu ina mwenyewe. Unamwonyesha mwenzako, anagusa kioo, ramani inakimbia, unaichukua urudishe mahali ulipokuwa, na ikifika kwa mtu wa nne imeshaingia ujumbe wa kikundi cha harusi. Zaidi ya hapo, kioo kinaonyesha kipande kidogo tu. Ukitaka kuona bonde zima la Mackinder unalivuta hadi njia yenyewe inapotea, na ukiitaka njia, bonde ndilo linalopotea. Kwenye karatasi nililiona bonde lote kutoka juu ya mto Likii hadi kambi ya Shipton, na nikaelewa kwa nini siku hiyo ingekuwa ndefu.

Na ilikuwa ndefu. Hapa kitabu kinaingia. Nilikinunua inama, wale wauzaji wanaopanga vitabu vya mtumba kandokando ya barabara katikati ya Nairobi mpaka uiname kuvichagua. Sikitaji jina, maana mwandishi wake hana kosa ila umri: kimechapishwa zamani, kwa ajili ya mpandaji wa Ulaya mwenye miguu mirefu na kamba begani. Kinapiga hesabu ya muda kwa kanuni ya Naismith, Mskoti aliyeitoa mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita tano, ukiongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kutoka Old Moses hadi Shipton ni kama kilomita 14 na mita 900 za kupanda. Naismith anasema tungetumia saa nne na robo hivi. Tulitumia saba. Hakuna aliyekuwa mgonjwa, hatukupotea, tulipumzika kama binadamu. Naismith alitembea Uskoti, ambako mlima mrefu kuliko yote, Ben Nevis, una mita 1,345. Pale hewa haimsaliti mtu. Ukiwa juu ya mita 4,000, chukua muda wa kitabu, uzidishe kwa moja na nusu, kisha uongeze chai.

Lakini sikukijutia. Ramani inakwambia jina, haikwambii jina limetoka wapi. Kitabu ndicho kilichotueleza, usiku tukiwa Shipton tumejikunyata, kwamba Batian, Nelion na Lenana ni majina ya malaiboni, viongozi wa kiroho wa Kimaasai, na kwamba aliyevipa vilele majina hayo ni Mackinder, Mwingereza aliyefika Batian Septemba 1899. Shipton naye ndiye aliyeifikia Nelion mara ya kwanza pamoja na Wyn-Harris, mwaka 1929. Mmoja wa wale vijana akasema basi mlima huu ni kama kitabu cha wageni cha hoteli, kila aliyepita ameandika jina. Kiongozi wetu alicheka, akasema kwao upande wa Chogoria watu walikuwa na majina yao kabla mgeni yeyote hajaja na kalamu, ila hakuna aliyewauliza.

Kitabu nilikisoma kambini tu. Kutembea nacho ni ujinga. Kina uzito wa chupa ya maji, na ukurasa unaouhitaji haukai wazi penye upepo. Nyumbani, kabla ya safari, ndipo kinapofaa: kuchagua njia, kujua lipi ni bonde na lipi ni tuta, kuamua kwamba utashukia Chogoria kwa sababu kuna maziwa na maporomoko. Kuhusu vibanda, usikiamini kabisa. Vingine kilivyovisifu sasa ni mabati yanayopiga kelele, na kibanda cha Mintos, kilichopewa aya nzima, si mahali ambapo ningemlaza mtu nimpendaye.

Sasa aibu.

Siku ya nne tuliondoka Shipton saa tisa usiku, tukafika Lenana, mita 4,985, jua likichomoza. Nilikuwa nimeipenda ramani yangu kiasi cha kuitoa pale juu, upepo ukataka kunipokonya. Ramani inaonyesha barafu ya Lewis kama eneo pana la buluu. Mbele ya macho yangu kulikuwa na mwamba wa kijivu na mabaki machafu ya barafu yaliyoshikilia kivulini. Nilikuwa nimesoma kwamba kati ya 1934 na 2010 barafu hiyo ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake, na huwa nawaambia wanafunzi. Kuisema darasani na kuitafuta kwa macho ukiwa umesimama juu yake na karatasi mkononi ni mambo mawili.

Tukateremka kuelekea kiziwa cha Simba, kisha tukashika mashariki. Saa tano hivi ukungu ukapanda kutoka bondeni. Kiongozi alibaki nyuma na wifi yangu, ambaye goti lilikuwa limeanza kumsumbua. Mimi, mwalimu, nikatangulia na vijana. Nilikuwa nimejiandaa: usiku nilisoma kwenye ramani nambari za gridi, zile zinazotaja mahali, za viziwa vya Hall, Hall Tarns kama inavyoandikwa, mahali pa kupumzikia, nikaziingiza kwenye simu. Mshale ukaonyesha. Tukaufuata. Njia iliyokuwa wazi miguuni petu ikaenda kulia kidogo, mshale ukasema kushoto, nami nikaufuata mshale. Tulifika pale simu iliposema tumefika. Hapakuwa na maji. Palikuwa na majani magumu ya vishada, mawe, na mmea mmoja mrefu wa lobelia umesimama kama mlinzi wa benki.

Nikaita. Sauti ya kiongozi ikajibu kutoka mbali, upande wa kulia kwetu. Alipotupata alikuwa hana hasira, jambo ambalo lilinichoma zaidi.

"Dada, hiyo simu yako inatupeleka wapi?"

"Hall Tarns, mzee. Ndipo hapa."

"Hall Tarns iko kule niliko­toka. Hapa ni mahali pa swara."

Simu haikukosea. Ramani haikukosea. Niliyekosea ni mimi, na jibu limechapishwa chini ya karatasi, pembeni, kwa herufi ndogo ambazo kwa miaka kumi na mmoja nimewarukisha watoto wa watu: ramani hizo zimejengwa juu ya mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, na simu zetu hutumia WGS 84. Ni namna mbili za kukadiria umbo la dunia, kwa hiyo nambari zile zile haziangukii mahali pamoja. Huku kwetu tofauti ni karibu mita 300 kuelekea kaskazini na mita 90 hivi kuelekea magharibi. Kwenye karatasi ni milimita sita, unene wa penseli. Kwenye ukungu ni kupotea. Kosa langu lilitupeleka kaskazini, na namshukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu kusini ya viziwa vile nyika inakatika ghafla kwenye genge liitwalo Temple, na chini kabisa ni ziwa Michaelson.

Kwa hiyo anayetaka kuchanganya karatasi na simu, asisome nambari kwenye ramani na kuzibandika tu kwenye simu. Programu nyingine zina sehemu ya kubadilisha mfumo huo. Itafute ukiwa nyumbani, si pale juu na vidole vimekufa ganzi. Dira, kwa upande mwingine, haina matatizo hayo. Vitabu vya Ulaya vina kurasa nzima za kusahihisha kaskazini ya sumaku, maana sindano ya dira haielekei kaskazini halisi. Kenya tofauti hiyo ni ndogo mno, digrii moja tu hivi, na mkono wako wenyewe unatikisika zaidi ya hapo.

Programu niliyotumia zaidi ni ile inayofanya kazi bila mtandao kwa ramani za OpenStreetMap, zinazochorwa na watu wa kujitolea. Ukiipakua kabla ya kuondoka Nanyuki, njia kuu zote zimo, na lile doa la buluu linalosema uko hapa hakuna karatasi itakayokupa kamwe. Kwa swali hilo moja, niko wapi, simu inashinda. Nilikuwa pia na programu nyingine, ambayo watumiaji hupakia njia walizopita. Hiyo niliifuta tukiwa bado Old Moses. Kulikuwa na njia moja humo inayokwenda moja kwa moja, inazunguka mara tatu, inarudi ilikotoka. Kiongozi aliitazama akasema, "Huyu alipotea, halafu akawaachia wengine ramani."

Baridi ndiyo adui wa simu. Nilitoka Shipton na chaji asilimia 80, Lenana ikasema 31, na nilipoitia kifuani chini ya nguo ikarudi 40 na ushee, kama mgonjwa aliyepewa uji. Usiku ilale nawe ndani ya mfuko wa kulalia, na pawabanki vivyo hivyo. Adui wa karatasi ni maji na mikunjo. Yangu ilipasuka pale inapokunjwa mara nne, bahati mbaya ndipo ilipokuwa kambi ya Shipton, kwa hiyo sasa kambi hiyo ni tundu. Inunulie mfuko wa nailoni unaoona ndani, na uikunje ili upande wa siku hiyo uwe nje.

Nikipanda tena, na nimeshaanza kuweka akiba, kitabu nitakisoma nyumbani na kukiacha kabatini. Simu nitaibeba ikiwa imezimwa, ya kuwasha nikiwa na shaka. Karatasi itakuwa mkononi. Huruhusiwi kupanda mlima huu peke yako hata hivyo, kwa hiyo kiongozi atakuwepo, na mtu anaweza kuuliza ya nini ramani ikiwa mbele yako yuko mtu aliyepita hapo mara mia. Nami nilidhani hivyo. Lakini bila ramani nisingejua cha kumuuliza. Ningemfuata kisigino siku tano nikitazama viatu vyake.

Tulipoagana Chogoria, baada ya kumlipa na kumshukuru, kiongozi alinivuta pembeni akauliza ile ramani kubwa inapatikana wapi. Nilidhani ananitania. Akasema hapana, wageni wake siku hizi wanakuja na simu, kila mmoja anaangalia yake, na jioni hakuna kitu cha kuwaweka mezani pamoja. Aliitaka ile yenye mistari mingi. Nimemnunulia, nimeandika kwa kalamu nyekundu pale pembeni palipo na maneno Arc 1960, na wiki iliyopita nimeituma kwa matatu ya Chogoria.