Unaongeza pikipiki ya pili ya safari? Hizi hapa za saizi ya kati, nimezipanga

Wakuu, siku hizi naulizwa sana na watu ambao tayari wana pikipiki nyumbani, mmoja ana BMW R 1250 GS, mwingine ana skuta tu ya kwendea kazini mjini, na sasa anataka kuongeza nyingine ya saizi ya kati, tuseme cc 450 mpaka 800, ya kwendea mikoani na njia za vumbi. Akishapata hela kitu cha kwanza anafungua simu anaanza kulinganisha hp (nguvu ya injini) na ukubwa wa skrini. Mi nasema anza na swali hili: ile ya kwanza inashindwa kukupeleka wapi? Hiyo ya pili inunuliwe kwa ajili ya huko, vinginevyo utakuwa na pikipiki mbili zinazofanya kazi moja na bima mbili za kulipa.

Kwa barabara zetu vigezo vinavyouma ni vitatu, uzito, matairi na spea. Nguvu ya injini nimeiweka nyuma kwa makusudi.

Tuanze na uzito manake watu wanaudharau sana. R 1250 GS ikiwa na mafuta ni kilo 249 kabla hujafunga mabegi. Yamaha Ténéré 700 ya kabla ya 2025 ni kilo 205. Tofauti ni kilo 44, inakaribia mfuko wa simenti. Barabarani kwenye lami huisikii kabisa hiyo tofauti, ila nenda ile njia ya Mto wa Mbu kwenda Ziwa Natron, ukishapita Engaruka unakutana na mchanga na vumbi laini la volkano linaloficha mawe, hapo utaanguka tu, hata mzoefu anaanguka, na kama uko peke yako na jua la saa saba ndo unajua ulinunua nini. Kuinyanyua kuna utaratibu wake: zima injini, ingiza giya ya kwanza ili isiteleze, kama imelalia kulia fungua stendi kwanza kabla ya kuinyanyua isije ikapitiliza upande wa pili, kata usukani mpaka mwisho, ipe mgongo, kalio likae kwenye ukingo wa siti, mkono mmoja ushike usukani mwingine ushike fremu nyuma, halafu sukuma kwa miguu kurudi nyuma hatua ndogo ndogo. Mtu wa kawaida anaweza kuinyanyua ya kilo 200 hivyo mara mbili tatu kwa siku. Ya kilo 250 yenye mabegi akishainyanyua mara ya pili hana nguvu ya kuiendesha tena, na uchovu huo ndo unaleta ajali ya tatu.

Matairi sasa. Rimu ya mbele ya inchi 21 inapanda jiwe na kukata mchanga vizuri kuliko 19, na 19 inaishinda 17 kwa mbali. Kwenye lami mambo yanageuka, 21 inakuwa nzito kidogo kukata kona. Kingine ambacho watu hawakifikirii ni tyubu. Huku kwetu miaka mingi miradi na watu wa serikali wametumia Honda XL125 na Yamaha DT125, na zote mbele zina rimu ya 21, kwa hiyo tyubu ya 21 ukiulizia vizuri mjini unaweza kuipata hata wilayani, wakati tyubu ya nyuma ya hizi pikipiki kubwa kuipata ni shughuli. Beba tyubu ya 21 moja, ikibidi inaingia hata tairi la nyuma la 18 au 17, itajikunja kidogo, nenda nayo polepole mpaka upate inayofaa. Kama pikipiki ina rimu za tyubulesi (zisizotumia tyubu) basi raha zaidi, pancha unaziba kwa utambi bila kufungua tairi, unajaza upepo, unaondoka.

Spea nitazisema kwenye kila pikipiki manake hapo ndo zinapoachana.

Namba moja kwangu ni Yamaha Ténéré 700. Injini ni silinda mbili, cc 689, hp kama 72 hivi, ni ileile iliyoanzia kwenye Yamaha MT-07 mwaka 2014 na iko pia kwenye Yamaha nyingine, Tracer na XSR700, yaani dunia nzima imejaa hizo injini na spea zake za ndani hazitakuja kukosekana leo wala kesho. Kukagua valvu ni kila kilomita 40,000. Zile za kabla ya 2025 zina kebo ya kawaida ya mafuta na hazina mambo mengi ya umeme, kuna kitufe cha kuzima ABS (breki zinazozuia tairi lisijifunge) na basi (kumbuka ukizima swichi ukawasha tena, ABS inarudi yenyewe, kwa hiyo ukisimama kupiga picha katikati ya mteremko wa changarawe uizime upya kabla ya kuondoka). Shoku za mbele zinacheza milimita 210, rimu 21 na 18. Fundi wa kawaida anayejua kazi anaielewa, na hilo ukiwa Sumbawanga lina maana kuliko skrini ya rangi.

Kasoro zake nazisema wazi. Siti iko milimita 875 kutoka chini, mtu wa futi tano na inchi tano atasimama kwa vidole, na tanki likijaa uzito unakaa juu, ikianza kuinama imeinama. Tanki ni lita 16 tu. Kwa hesabu ya kiwanda inakwenda kilomita 23 kwa lita, yaani kama 368 kwa tanki, ila kwenye mchanga na mzigo toa sana hapo, beba galoni ya lita tano ukienda upande wa Turkana au Katavi. Tyubu ni za kawaida, tyubulesi hamna. Shoku za kiwandani ni laini ukibeba abiria na mabegi, weka springi ngumu kabla ya safari ndefu.

Ambaye mfuko haufiki hapo, au ni mfupi, au hataki presha ya pikipiki ya bei kubwa, namba mbili ni Royal Enfield Himalayan 450, iliyotoka mwisho wa 2023. Silinda moja, cc 452, hp 40, kilo 196, tanki lita 17, siti unaipandisha na kuishusha kati ya 825 na 845, mbele 21 nyuma 17. Kwenye karatasi kilo 196 inaonekana iko karibu sana na Ténéré, lakini uzito umekaa chini, unaigeuza kwenye njia nyembamba ya Lushoto kwenda Mtae wakati wa mvua bila moyo kukudunda. Mafuta inakula kidogo, tanki moja linakupeleka mbali kuliko Ténéré. Nataka unielewe hapa: hp 40 inatosha kabisa kwa vumbi, kwenye udongo mwekundu uliolowa hata hp 20 zinatosha. Inapobana ni kwenye lami ndefu. Kilomita 100 mpaka 110 kwa saa inakwenda bila shida, ukiilazimisha zaidi ya hapo siku nzima utasikia mtetemo mikononi. Ila barabara zetu zenyewe kila kijiji ni 50 na trafiki wako pale na tochi, kwa hiyo hiyo spidi kubwa unayoilipia kwenye pikipiki nyingine utaitumia lini? Kama nyumbani tayari una pikipiki kubwa ya lami, mimi hii ningeiweka sawa na Ténéré. Usiichanganye na Himalayan ya zamani ya cc 411 yenye hp 24, ile ni ngumu na rahisi kutengeneza lakini kwenye mlima na mzigo inachoka. Spea zinatoka India na mizigo ya India inaingia Dar na Mombasa muda wote, uliza kabla ya kulipa kama muuzaji anaweka filta, kebo, plagi na pedi za breki dukani au anaagiza ukishafika na shida.

Namba tatu Honda XL750 Transalp, ya 2023 kuendelea. Cc 755, hp 90, kilo 208 hivi, tanki lita 16.9, siti 850, mbele 21 nyuma 18. Kama safari zako ni lami asilimia 70 na vumbi 30, ipandishe hii iwe ya kwanza. Kupita malori barabara ya Morogoro kwenda Iringa na abiria nyuma ina pumzi ambayo Ténéré haina, na ni fupi kuliko Ténéré. Kwa nini basi ni ya tatu? Kwa sababu inatoka na kinga hafifu chini ya injini, bomba la moshi liko pale pale linasubiri jiwe, kwa hiyo kinga ya chuma au alumini inunue siku hiyo hiyo unayonunua pikipiki, usisubiri. Na kama ya kwanza yako ni ya safari za lami, hii inaifuata karibu mno, utajikuta moja inalala tu.

CFMoto 450MT naiweka ya nne, japo kwa unachopata kwa hela yako inaweza kuwa ya kwanza. Silinda mbili cc 449, rimu za spoki 21 na 18 lakini tyubulesi, shoku za KYB zinazocheza milimita 200, tanki lita 17.5, siti 820 na unaweza kuishusha mpaka 800. Kilo 175 wanayoiandika ni bila mafuta wala oili, usidanganyike kuilinganisha na 205 ya Ténéré ambayo ni ya tanki kamili, wauzaji wengi wanakuwekea hizo namba pembeni kwa pembeni kana kwamba zinapimwa sawa. Marekani ilianza kuuzwa dola 6,499. Ni mtambo mzuri kweli. Ninachokiogopea ni spea tu, ikivunjika lever ya breki au ikipasuka rejeta ukiwa Mpanda, mwenzako wa Boxer anatengenezewa pale pale na wewe unaanza kuagiza. Ukiichukua, agiza pamoja nayo lever zote mbili, kebo ya klachi, filta na seti ya cheni na sproketi, viweke ndani.

Ya tano ni Suzuki V-Strom 650 iliyotumika, na hii ni kwa yule mwenye skuta au Boxer anayetaka sasa pikipiki ya kuvuka mikoa. Wa namna hiyo asome orodha yangu kwa kugeuza, hii ndo yake ya kwanza. Imekuwepo tangu 2004, injini ya V cc 645, tanki lita 20 au 22 kutegemea mwaka, inakaa barabarani siku nzima mgongo hauumi. Mbele ni 19, vumbi la kawaida inapita, mawe makubwa hapana. Ikague chini kwa mbele: filta ya oili iko wazi kabisa nyuma ya tairi la mbele, jiwe moja likiitoboa oili yote inamwagika na injini imekufa. Bila kinga usiitoe lami.

Kawasaki Versys 650 nimeiacha manake ina 17 mbele na nyuma, ni ya lami. BMW G 310 GS tanki lake dogo, lita 11.

Upande wa gharama, ukiagiza nje kumbuka VAT (18 Tanzania, 16 Kenya) inapigwa juu ya bei pamoja na usafiri, bima na ushuru, kwa hiyo bei ya mtandaoni isikutie moyo mapema. Tanzania ada ya leseni ya barabara ya kila mwaka ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo pikipiki ya pili ikikaa ndani inakudai bima tu, na hiyo ni nafuu kubwa. Ukivuka kwenda Zambia au Malawi chukua Kadi ya Njano ya COMESA, ile bima ya kuvuka mipaka. Betri ya pikipiki inayolala wiki nyingi inakufa, nunua chaja ndogo ya kuiacha imechomekwa. Na hifadhi za taifa haziruhusu kutalii kwa pikipiki, usinunue yoyote ukiwa na ndoto ya Serengeti.

Ukinunua iliyotumika mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, gusa injini, kama ni ya moto kuna kitu anaficha kwenye kuwaka ikiwa baridi. Inyanyue tairi la mbele, zungusha usukani taratibu, ukisikia inakwama katikati beringi za usukani zimeisha. Chukua spana ndogo ugonge spoki moja moja, iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa sauti nzito, zikiwa nyingi zimelegea basi imepigwa sana mashimoni, angalia rimu kwa ndani kama ina mikunjo. Pitisha kidole kwenye bomba za shoku za mbele, oili ikija kidoleni sili zimekufa. Mwisho soma namba ya chasi iliyochongwa pale shingoni, uilinganishe na kadi herufi kwa herufi, zikitofautiana hata moja rudisha funguo uondoke.