TAHADHARI: Giaboksi za otomatiki "za Japani" hapa Mbeya, soma kabla hujatuma hela

Wakuu wenye Toyota Hilux Surf na pikapu za zamani za otomatiki, kaeni macho. Gari ikianza kula mafuta unaambiwa gia imechoka, kesho yake unaletewa giaboksi "ya Japani, imetembea kilomita 60,000 tu". Giaboksi haina mita. Anayekutajia kilomita bila kukuonyesha gari ilikotoka anazitunga.

Mara nyingi hiyo ni gia iliyochokea hapa hapa nchini: imeoshwa kwa dizeli, ikapigwa rangi ya silva na kutiwa ATF (oili ya giaboksi za otomatiki) mpya. Tazama bolti za sampo, yaani bakuli la oili lililo chini ya gia. Rangi ikiwa imepita juu ya vichwa vyake, au silikoni imevimba pembeni, ujue ilishafunguliwa. Mtake muuzaji aishushe sampo ukiwepo. Ndani kuna sumaku. Uji laini wa kijivu juu yake ni kawaida. Ukikuta chembe za chuma zinazong'aa, au masizi meusi ya klachi yenye harufu ya kuungua, acha. Akikataa kufungua, acha pia.

Linganisha namba. Kwenye kibati cha gari yako, mstari wa TRANS/AXLE, utakuta mfano A340F. A340E ni ya kuvuta nyuma tu, haiingii kwenye 4WD (inayovuta matairi yote manne) hata muuzaji aape. Soketi za waya nazo zifanane, na mdomo wa mbele wa gia, unaofungwa kwenye injini, uwe wa injini yako.

Ujanja mwingine ni "tumeijaribu, inaingia D na R vizuri". Gia iliyochoka huweza kuingia vizuri ikiwa ya baridi. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi, presha inavujia kwenye sili zilizokwisha, gia inaanza kuteleza. Kwa hiyo usimalize malipo uani. Endesha nusu saa, kisha panda Mlima Nyoka. Rpm (mizunguko ya injini) ikipaa huku gari haiongezi mwendo, gia ni mbovu.

Inunuliwe pamoja na konveta yake, lile dude la duara linalopeleka nguvu ya injini kwenye gia. Wakati wa kufunga, konveta izame mpaka mwisho ndani ya pampu, na kabla ya kukaza bolti iweze kuzungushwa kwa mkono. Fundi anayeivuta gia kwa bolti ili ikutane na injini anavunja pampu, halafu muuzaji anakukana kwamba umeiharibu mwenyewe. Njia za kupoozea oili kwenye rejeta zisafishwe, maana uchafu wa gia ya zamani umelala humo. Oili ikiwa na rangi ya maziwa ya stroberi, rejeta inachanganya maji na ATF, na maji yanabandua klachi. Badilisha rejeta kwanza. Andaa lita 10 za ATF. Kushusha sampo peke yake hutoa kama lita 2 tu, usikubali hiyo iitwe "kubadilisha oili yote".

Sasa jambo linalotuuma zaidi: wengi wanauziwa gia wasiyoihitaji. Kwenye gia hizi kompyuta haiachii gia ya nne wala kuifunga konveta (lock) isiteleze mpaka injini ipate joto. Mafundi wengi huku hutoa themostati (kifaa kinachozuia maji ya injini yasipoe kupita kiasi), na kwa baridi ya Njombe au Uyole injini haifiki joto lake, gari inabaki gia ya tatu na rpm juu safari nzima. Hapo mafuta lazima yaende. Angalia kama themostati ipo na inafanya kazi, kama taa ya O/D OFF (inayoonyesha gia ya nne imezimwa) haijawaka, na kama breki hazing'ang'anii matairi hata usipozikanyaga. Hizo ni gharama ndogo sana ukilinganisha na giaboksi.

Ukiamua kununua, usitume hela kwa picha tu. Dai video inayoonyesha namba ya gia pamoja na karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Chukua risiti ya EFD, iandikwe namba ya gia, na masharti kwamba inarudishwa ikiteleza ikiwa ya moto. "Gerentii ya kuwasha" usiikubali. Injini itawaka hata kama gia imekufa.