Intaneti ya nyumbani Nairobi: nani wa kwanza, nani wa mwisho

Kabla hujalipia kampuni yoyote, muulize keateka (mtunzaji wa jengo) ni nyaya za nani zimeingia kwenye jengo. Nyumba nyingi za kupanga Nairobi zina faiba (nyaya zinazobeba intaneti kwa mwanga) ya kampuni moja au mbili tu, kwa hiyo kabla hujaanza kuchagua, mwenye nyumba ameshakuchagulia nusu. Orodha hii ni ya mpangaji wa kawaida: televisheni moja, simu tatu nne, na mtu mmoja anayefanyia kazi nyumbani. Nimeipanga kwa kuangalia kwanza nani anakurudisha hewani haraka, kisha kasi.

Ya kwanza ni faiba iliyokwisha kufika jengoni, iwe ya Safaricom, Zuku au Jamii Telecommunications. Usihangaike sana na kifurushi kikubwa. Septemba 2024 Safaricom ilipandisha kifurushi chake cha chini cha shilingi 2,999 kutoka Mbps 10 (megabiti kwa sekunde, kipimo cha kasi) hadi 15 bila kugusa bei, na Mbps 15 zinatosha filamu moja, mkutano wa video na simu za watoto kwa wakati mmoja. Wengi wanaolipia zaidi ya hapo wameficha ruta nyuma ya televisheni, halafu wanashangaa chumbani hakushiki. Kuta za mawe zinaimeza Wi-Fi, hasa ile ya masafa ya 5 GHz (si 5G ya simu). Itoe ruta, iweke juu, katikati ya nyumba.

Ikiwa jengo lina faiba mbili, gonga kwa jirani saa tatu usiku, wakati kila mtu yuko mtandaoni, umwombe apime kasi mbele yako. Kisha muulize swali lenye uzito zaidi: taa nyekundu ya LOS ikiwaka, fundi huchukua muda gani kufika? Taa hiyo maana yake mwanga haufiki kwenye kisanduku chako; waya umekatika au umekunjwa mno mahali fulani. Hata uzime na kuwasha mara ngapi, haitasaidia. Kampuni inayotuma fundi siku hiyo hiyo ninaiweka juu ya ile yenye kasi maradufu inayokuacha wiki nzima.

Faiba ina faida nyingine. Stima ikipotea, ukiwa na UPS (betri ya akiba) ndogo ya ruta mara nyingi utaendelea kuwa hewani, kwa sababu vigawanyo vya mwanga njiani havihitaji umeme.

Ya pili ni ruta ya 5G, ya Safaricom au Airtel. Inamfaa anayehama mara kwa mara, au jengo lisilo na waya. Tatizo ni kwamba unagawana mnara na mtaa mzima. Azima simu ya 5G yenye laini ya kampuni hiyo, isimamishe dirishani jioni, upime kabla ya kulipa.

Ya tatu, kwa mfuko mdogo, ni Poa Internet, inayotumia antena za paani katika mitaa kama Kibera. Mahali inapofika, bei yake ni ngumu kuishinda.

Starlink, intaneti ya setilaiti inayopokelewa kwa sahani, naiweka mwisho kwa Nairobi pekee. Novemba 2024 ilisimamisha wateja wapya hapa na kaunti jirani kwa sababu ya msongamano, ikafungua tena 2025. Tena inataka anga wazi, na mpangaji wa ghorofa ya pili atalipata wapi? Kwa nyumba ya mashambani, mbali na waya na mnara, ningeiweka ya kwanza bila kusita, mradi sola yako inamudu sahani, ambayo hula umeme mwingi kuliko ruta ya kawaida.

Popote utakapoangukia, lipa mwezi mmoja kwanza, hata kama wanakupa punguzo la mwaka. Uliza pia kama kifurushi kina kikomo ambacho ukikivuka kasi inashushwa, na kama ruta ni mali yako au utairudisha ukihama.